Lehemu yenye risasi ipo, rola ndogo ndiyo haipo

Lehemu ya bati na risasi (ile metali laini, si ya bunduki), inayounganisha vipuri vya elektroniki, inatengenezwa hadi leo, tena kwa vipimo vilevile vya zamani: Sn63Pb37, Sn60Pb40, na ile yenye fedha kidogo, Sn62Pb36Ag2. Sn ni bati, Pb ni risasi, Ag ni fedha ile metali, na namba ni asilimia ya uzito; 63/37 ni ile ya kwanza kwa kifupi. Wanaotengeneza vyombo vya anga za juu na zana za kijeshi bado wanaitaka, na sheria ya Ulaya yenyewe iliviweka vifaa hivyo nje ya katazo. Kwa hiyo anayesema lehemu hii imekufa amekosea. Kilichobadilika, huko Ulaya, ni nani anaruhusiwa kuuziwa, na kwa kifungashio cha ukubwa gani. Hapo ndipo fundi wa nyumbani, mwenye haja ya gramu chache kwa mwaka, alipobanwa kuliko mtu mwingine yeyote.

Watu wengi huchanganya sheria mbili. Ya kwanza ni RoHS, yaani maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2002/95/EC, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006 na baadaye yakaandikwa upya kama 2011/65/EU. Hii inahusu kifaa kinachoingizwa sokoni: kila nyenzo ndani yake isiwe na risasi inayozidi asilimia 0.1 ya uzito. Rola ya waya wa lehemu iliyo mezani kwako haihusiki, wala hakuna mahali inapomkataza mtu kuitengeneza redio yake kwa lehemu aitakayo. Iliruhusu hata vipuri vyenye risasi kwa ajili ya kutengeneza vifaa vilivyoingia sokoni kabla ya tarehe hiyo. Na kifaa kilichoandikwa kwamba hakina risasi bado kinaweza kuwa nayo tumboni, kwa kuwa lehemu za joto la juu, zenye risasi asilimia 85 au zaidi, zilipewa msamaha. Hizo ndizo hushikilia kipande cha silikoni ndani ya diodi na transista za umeme mkubwa.

Sheria ya pili ndiyo inayouma. Risasi iliainishwa Ulaya kuwa sumu kwa uzazi, kundi la 1A, na kanuni za REACH, sheria ya Ulaya ya kemikali, katika kipengele cha 30 cha Kiambatisho cha XVII, zinakataza kuwauzia watu wa kawaida kemikali za kundi hilo au michanganyiko yake. Tangu tarehe 1 Machi 2018, mchanganyiko wenye risasi asilimia 0.3 au zaidi huuzwa kwa watumiaji wa kitaaluma peke yao. Lehemu ya 63/37 ina asilimia 37, kwa hiyo haina pa kujificha. Ndiyo sababu wauzaji wa huko huandika kwamba bidhaa ni ya wataalamu tu na kudai namba ya usajili wa biashara. Lakini soma katazo lenyewe: linamgusa anayemuuzia mtu wa kawaida. Mwenye rola ya zamani kwenye droo yake hakutajwa.

Marekani haina katazo la namna hiyo kwa lehemu ya elektroniki. Kilichozuiwa huko mwaka 1986 ni lehemu ya mabomba ya maji ya kunywa, isizidi asilimia 0.2 ya risasi. Na kwa kuwa lehemu ya mabomba imetajwa: usiikaribishe kwenye bodi ya elektroniki, hata kama haina risasi. Ile ya bati na shaba asilimia 3 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 227 za Selsiasi lakini haimaliziki kuyeyuka mpaka ipite 300, na flaksi (dawa ya kusafisha metali ili lehemu ishike) za mabomba mara nyingi zina kloridi ya zinki, ambayo huendelea kula shaba miezi mingi baada ya wewe kufunga kifuniko.

Sasa lilinganishe katazo la Ulaya na betri. Zaidi ya asilimia 80 ya risasi inayotumika duniani huenda kwenye betri. Betri moja ya gari hubeba kilo kadhaa za risasi na mtu yeyote anainunua, kwa sababu kisheria hiyo ni bidhaa iliyokamilika, haihesabiwi kuwa mchanganyiko. Rola ya gramu 100 ya 63/37 ina gramu 37 za risasi. Sisemi sheria haina mantiki. Inapima sumu kwa kundi lake, na betri imefungwa wakati lehemu inashikwa kwa vidole. Ila matokeo yake yamekaa upande.

Tupige hesabu. Waya wa 63/37 wenye unene wa milimita 0.8 una uzito wa gramu 4.2 hivi kwa kila mita, ukiacha flaksi iliyo ndani. Rola ya gramu 100 basi ina karibu mita 24. Mguu wa rezista au kapasita ndogo hula milimita 3 hadi 5 za waya huo. Chukua 4, unapata viungo 6,000. Mtu anayebadilisha kapasita nne za pawa saplai mwezi huu na soketi ya kuchajia mwezi ujao hamalizi rola hiyo kwa miaka mingi, hata akipoteza nusu nzima kwenye kunyofoa viungo vya zamani na kusafisha ncha ya pasi ya kulehemu. Wanaouzia wataalamu mara nyingi hufunga gramu 250, 500 au kilo nzima. Nusu kilo ni viungo 30,000, mzigo wa karakana. Mtu wa nyumbani aliyetafuta gramu 50 kwa njia halali akakosa, akaambulia nusu kilo kupitia kwa mwenye biashara iliyosajiliwa, amewekewa nyumbani risasi mara kumi ya ile aliyohitaji. Sijui kama waliotunga kanuni walikusudia hilo, lakini ndilo linalotokea.

Asiyepata hiyo nusu kilo huangukia mahali pabaya zaidi: waya usio na jina. Rola imeandikwa 63/37 kwa herufi kubwa, haina jina la mtengenezaji, haina aina ya flaksi wala namba ya toleo. Bati ni ghali kuliko risasi kwa mara kadhaa, hivyo njia rahisi ya kudanganya ni kupunguza bati. Udanganyifu huu hauonekani kwa kugusa waya kwenye ncha ya moto na kuona kama unayeyuka, kwa maana aloi (michanganyiko ya metali) zote za kawaida za bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Tofauti iko mwishoni. Ile ya 63/37 huanza na kumaliza hapohapo 183. Ya 60/40 inamalizia karibu na 190. Ya 50/50 inafika kama 215, na 40/60 inafika kama 238. Katikati ya mwanzo na mwisho huo lehemu huwa uji mzito: punje ngumu zinazoelea ndani ya kimiminika. Mguu wa kipuri ukitikisika wakati huo, kiungo kinapata ufa usioonekana kwa macho, na kifaa kitarudi mezani kikiwa na ugonjwa wa kuwaka na kuzima.

Waya wa namna hii unaweza kupimwa nyumbani, na inafaa kueleza jinsi gani kwa sababu kipimo kimoja peke yake hakitoshi.

Cha kwanza ni cha joto. Weka pasi ya kulehemu yenye kidhibiti cha joto kwenye nyuzi 200, safisha ncha, subiri itulie dakika moja, kisha gusisha waya mwembamba. 63/37 halisi huyeyuka mara moja na, ukiondoa ncha, hung'aa kisha huganda ghafla bila kupita kwenye hali ya ulaini. Waya wenye bati kidogo hulainika, hukokotwa na ncha kama udongo mbichi, na ukiganda hubaki na uso wenye chembechembe. Waya wa kawaida usio na risasi hautayeyuka kabisa kwenye 200, kwa kuwa SAC305, aloi ya bati, fedha na shaba, huanza 217 na aloi ya bati na shaba asilimia 0.7 huyeyuka 227. Tahadhari ni moja: namba inayoonyeshwa na pasi inaweza kukosea kwa nyuzi 10 au 20. Kama una hata sentimita chache za waya unaouamini, anza nao ujue pasi yako inasemaje.

Cha pili ni cha uzito kwa ujazo. Yeyusha kama gramu 10 za waya kwenye kijiko cha chuma cha pua ambacho hakitarudi jikoni tena, acha flaksi ipande juu, gandisha donge moja, lioshe kwa alkoholi ya isopropili mpaka lisinate. Lipime kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani hiyohiyo, rudisha namba kwenye sifuri, na uning'inize donge kwa uzi mwembamba lizame lote bila kugusa kikombe. Namba inayoongezeka ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Kwa gramu 10 kamili, 63/37 itaonyesha 1.19, 40/60 itaonyesha karibu 1.08, na ile ya bati na shaba karibu 1.37. Kinachoharibu kipimo hiki ni povu la hewa au flaksi iliyonaswa ndani ya donge, kwani huongeza ujazo na kuifanya lehemu mbovu ionekane nzuri. Yeyusha mara mbili, ukikigonga kijiko taratibu kabla donge halijaganda. Kipimo hiki pia kina upofu wake: aloi ya bati na bismuthi, Sn42Bi58, ina uzito kwa ujazo unaokaribiana sana na wa 63/37. Lakini hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 138, hivyo pasi ya 160 itaifichua papo hapo.

Flaksi ndiyo ya tatu, na mara nyingi ndiyo mkosaji halisi watu wanapolalamikia waya. Chukua kipande cha waya wa shaba, kikwangue kionekane chekundu, kipashe moto kwa ncha ya nyuzi 340 na ulishe lehemu kwenye shaba, usiilishe kwenye ncha. Ndani ya sekunde mbili inatakiwa itambae na kushika kingo zake kwa wembamba. Ikijikunja kama tone na kubingirika, flaksi ni hafifu. Ikirukaruka na kutapanya vitone, flaksi ni mbovu au imenyonya unyevu. Mabaki yakiwa ya rangi ya asali na magumu, ni rozini, yaani utomvu wa msonobari. Yakigeuka kijani juu ya shaba baada ya siku chache, waya huo usiguse bodi yoyote unayotaka iendelee kuishi.

Rola ya mtengenezaji anayejiheshimu inakusomea haya yote kwenye lebo: aloi kwa asilimia, unene, kiasi cha flaksi (kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 3), namba ya toleo, na daraja la flaksi kwa mtindo wa J-STD-004, kiwango cha viwanda cha kupanga flaksi. ROL0, kwa mfano, ni rozini, yenye ukali mdogo, isiyo na halojeni (klorini na jamii yake) za kuongezea. ROL1 ina chembe za halojeni na inashika vizuri zaidi kwenye miguu iliyochakaa. Kwa matengenezo ya nyumbani hizo mbili zinatosha. Herufi IN mwanzoni maana yake ni flaksi ya asidi zisizo za kikaboni. Iache.

Baada ya kupita kote huko, swali lililostahili kuja kwanza: je, unaihitaji kweli? Kwa kazi nyingi za leo jibu langu ni hapana, na wanaoililia 63/37 kwa kila kiungo wanafanya mazoea yaonekane kuwa hoja. Lakini yapo maeneo mawili ambapo risasi ina haki yake.

Moja ni vifaa vya zamani, vilivyounganishwa kwa risasi tangu kiwandani. Bodi za redio na televisheni za kale nyingi ni za karatasi na utomvu wa fenoli, zenye shaba upande mmoja, na shaba hiyo imegandishwa kwa gundi iliyochoka. Kila nyuzi 10 za ziada na kila sekunde ya ziada inakaribisha pedi, kile kidoa cha shaba kinachoshika mguu wa kipuri, kunyanyuka. Hapo lehemu inayoyeyuka 183, kwa ncha ya nyuzi 320, ni chaguo la kiufundi kabisa. Aloi ya kiungo inabaki ileile, na hakuna mchanganyiko wa kukisiwa.

La pili ni kutoa kipuri kwenye bodi mpya isiyo na risasi, na hapa ndipo gramu chache zinaokoa bodi nzima. Chukua kapasita kwenye bodi mama ya tabaka sita. Mguu wake wa grandi (upande wa hasi) umeunganishwa na karatasi ya shaba iliyo ndani, na shaba hiyo hunyonya joto haraka kuliko ncha inavyoleta. Anayeanza hupandisha pasi hadi 450, flaksi inaungua, ncha inakuwa nyeusi na haipitishi tena joto, naye anabonyeza kwa nguvu mpaka pedi inatoka. Njia inayofanya kazi ni hii: tia flaksi ya jeli kwenye viungo vyote viwili, tumia ncha pana ya patasi ya milimita 2.4 au zaidi, pasi 360, na uongeze 63/37 ya kutosha ili kiungo kifure kidogo. Lehemu mpya inachanganyika na ya zamani, mchanganyiko unayeyuka chini ya 217, na donge lenyewe linakuwa daraja la joto kati ya ncha na mguu. Shikilia sekunde tatu au nne mpaka uone lehemu ya upande wa pili ikilegea, ndipo unyonye kwa pampu. Ikibaki lehemu ndani ya tundu, usinyonye pakavu: jaza tena, pasha tena, nyonya tena. Bodi ikiwa nzito mno, ipashe yote kwanza hadi nyuzi 100 hivi kwa hewa ya moto kutoka chini. Ukimaliza, futa pedi kwa utepe wa shaba na flaksi, kisha ndipo uchague lehemu ya kurudishia.

Mchanganyiko huu wa risasi na aloi za bati, fedha na shaba hauna madhara makubwa kwenye kiungo cha mkono, ilimradi uwe umeyeyuka wote na kuchanganyika. Hatari iko kwenye bismuthi. Baadhi ya bodi mpya, zikiwemo za kompyuta mpakato, huunganishwa kwa lehemu ya joto la chini yenye bismuthi. Lenovo ilitangaza kuelekea huko mwaka 2017. Risasi, bati na bismuthi zikikutana, sehemu ya mchanganyiko huo inaweza kuyeyuka kwenye nyuzi 96. Kiungo kilicho karibu na transista ya umeme mkubwa kinaweza kufika huko kikiwa kazini tu. Kinalegea, kinaganda, kinalegea tena, hadi kinapasuka. Aloi maalumu za kunyofolea chipu, zile zinazobaki kimiminika muda mrefu, nazo zina bismuthi, kwa hiyo zikitumika lazima pedi zifutwe mpaka zing'ae kabla ya 63/37 kuguswa.

Utajuaje bodi ni ya aina gani? Tafuta alama karibu na ukingo. Herufi e yenye namba ndani ya duara hutaja kundi la lehemu kwa mfumo wa J-STD-609: e1 ni bati, fedha na shaba; e2 ni aloi nyingine za bati zisizo na bismuthi wala zinki; e6 ina bismuthi. Pasipo alama, jaribu kiungo kikubwa cha pembeni kwa ncha ya nyuzi 160. Kikilegea, weka rola ya risasi mbali.

Kwa kazi iliyobaki, yaani kujenga kitu kipya au kurudishia kipuri kwenye bodi ya baada ya 2006, waya usio na risasi unatosha, na kisichofaa mara nyingi ni pasi. Pasi ya bei rahisi isiyo na kidhibiti, yenye ncha ya sindano, inafanya kazi kwa shida hata na risasi. Bila risasi inashindwa. Nunua kwanza pasi yenye kidhibiti cha joto na ncha ya patasi, kisha uchague aloi ya bati na shaba iliyotiwa nikeli kidogo. Huyeyuka 227, kiungo chake kinang'aa, na haina metali ya fedha ya kulipia. SAC305 inayeyuka mapema kidogo na kushika vizuri zaidi, lakini kiungo chake huganda kikiwa na rangi iliyofifia na punje ndogondogo, nacho ni kizima. Mtu aliyezoea mng'ao wa risasi hukiona kibovu, anakipasha tena mara tatu, na kwa kufanya hivyo ndipo anapokiharibu kweli. Tazama kingo: lehemu ikiwa imetambaa ikaisha kwa wembamba kwenye pedi na kwenye mguu, kiungo kimeshika.

Pasi iwe 350 hadi 370. Gusa pedi na mguu kwa pamoja sekunde moja, lisha waya upande wa pili wa ncha, toa waya, kisha toa ncha. Jumla sekunde tatu. Bati nyingi katika lehemu hizi hula chuma kilichopakwa kwenye ncha haraka kuliko 63/37, kwa hiyo iache ncha ikiwa imepakwa lehemu mbichi kila unapoirudisha, na ishushe joto ukiondoka mezani.

Kuhusu afya, hofu imewekwa mahali pasipo pake. Risasi huchemka kwenye nyuzi 1749. Ncha ya 350 haiifanyi iwe mvuke wa kuhesabika. Moshi unaouona ni wa flaksi, nao una madhara yake: moshi wa rozini ni chanzo kinachojulikana cha pumu ya kazini, na lehemu isiyo na risasi hutoa mwingi zaidi kwa sababu inafanyiwa kazi kwenye joto kubwa. Feni ndogo inayovuta moshi pembeni ya uso inahitajika kwa waya wa aina yoyote.

Risasi yenyewe huingia kwa mdomo. Iko kwenye vidole vilivyoshika waya, kwenye vumbi linalotoka pampu ya kunyonyea inapofunguliwa, kwenye ukoko wa kijivu uliobaki juu ya sponji. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Kwa hiyo meza ya kulehemu isiwe meza ya chakula, hata ikifutwa. Waya usishikwe kwa meno wakati mikono yote miwili imejaa. Tabia hiyo ipo zaidi kuliko watu wanavyokiri. Pampu ifunguliwe juu ya kitambaa cha karatasi chenye unyevu, ukoko na vitone viingie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko na vipelekwe pamoja na taka za elektroniki. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu jeli za alkoholi hazitoi metali kwenye ngozi. Na asiwepo mtu wa kuyeyusha kilo nzima kwenye sufuria nyumbani: ukoko wa lehemu iliyoyeyushwa kwa wingi ni unga mwepesi, nao unapeperuka.

Ukizipanga hatari hizo utaona zote zinatokana na kiasi na mazoea, na hayo mawili katazo la sasa haliyagusi. Lingeandikwa kwa kiasi lingefanya kazi bora: kifungashio cha gramu 20 hadi 50, aloi na daraja la flaksi vikitajwa, onyo la watoto na la kunawa mikono likiwa juu ya rola yenyewe badala ya kubandikwa kwenye sanduku linalotupwa. Gramu 20 za waya wa milimita 0.8 ni viungo zaidi ya 1,000, zinatosha kunyofoa vipuri vya bodi nyingi. Mwenye nia ya kununua zaidi aonyeshe kazi yake. Hadi hapo, mwenye rola halisi ya zamani aitunze ndani ya mfuko uliofungwa. Aloi haiozi. Uso wa waya ukigeuka kijivu, ufute kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, kata sentimita mbili za mwanzo, na uongeze flaksi ya nje ikiwa ile ya ndani imechoka.